Ubao wa Mwalimu: Tatu kujumlisha nne, kumbe sita?

Mwezi uliopita niliandika sentensi mbili tu, mwishoni kabisa, kwamba mstari wa namba uliochorwa sakafuni kwa chaki unamfaa mtoto kuliko vidole vyake. Nilidhani nimepita. Kumbe nimechokoza mzinga. Wazazi wameniandikia, walimu wameniandikia, hata mzee mmoja ameniandikia kwa hasira kidogo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Hisabati tangu darasa la kwanza hadi la saba, na siku hizi wanafunzi wangu ni wajukuu na watoto wa jirani wanaojaa barazani kwangu Ngamiani, Tanga, kila jioni, wengine kwa ajili ya hesabu, wengine kwa ajili ya kashata. Basi leo ubao mzima ni wa mstari wa namba.

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la pili. Kwa vidole, 3 + 4 anapata 7. Kwa mstari wa namba anapata 6. Na 5 + 2 anapata 6 vilevile. Nimemkaripia, nimemchorea upya, wapi! Niachane na huo mstari? Naona unampoteza. (Mama wa watoto wawili, Makorora)

Marahaba mwanangu. Kwanza acha kumkaripia, maana kosa lake lina akili. Mtoto asiyeelewa kitu hupata jibu lolote: leo 9, kesho 4. Wako anapungukiwa na moja tu, kila mara. Anayekosea kwa utaratibu namna hiyo ana kanuni kichwani, ila kanuni yenyewe ina tobo.

Mpe 6 + 3 akiwa mbele yako na wewe usiseme neno. Tazama kidole. Utamwona anakiweka juu ya 6 na kusema "moja", juu ya 7 "mbili", juu ya 8 "tatu". Jibu: 8. Umeona? Pale alipokuwa amesimama amepahesabu kama hatua, na bado hajanyanyua mguu.

Wazee wa bao hawafanyi kosa hili. Ukizoa kete shimoni, ya kwanza unaitia shimo linalofuata. Ukiirudisha kwenye shimo ulilozoa, baraza zima litakupigia kelele. Na watu wa Ngamiani tuna bahati nyingine: barabara zetu zina namba badala ya majina. Mchukue mwanao, msimame Barabara ya 5, mwambie mnakwenda ya 9. Kila mkivuka kutoka barabara moja hadi inayofuata, ahesabu. Ya 5 mpaka ya 6, moja. Ya 6 mpaka ya 7, mbili. Mtafika ya 9 mkiwa mmetembea nne. Miguu yake itamwonyesha, na wewe huna haja ya kumweleza.

Ukirudi nyumbani chora mstari sakafuni, 0 hadi 10, nafasi ya hatua moja ya mtoto kati ya namba na namba. Hesabu ni 3 + 4. Asimame juu ya 3, mdomo umefungwa. Sharti ni moja: mdomo unafunguka mguu ukitua. Anaruka, anatua 4, ndipo anasema "moja". Siku tatu nne za mchezo huo zinatosha. Baadaye kwenye daftari achore vipinde juu ya mstari, kutoka namba hadi namba, kisha ahesabu vipinde na aziache namba. Mimi watoto wangu huwa nawaambia "hesabu hatua, usihesabu alama", na nalirudia neno hilo mpaka wananiigiza nikigeuka.

Kwa nini vidole havikumpoteza? Kwa sababu kidole ni kitu. Vitatu hivi, vinne vile, vihesabu vyote. Namba kwenye mstari ni mahali, kama Barabara ya 5 ilivyo mahali. Vidole vinamjibu "vingapi?" Mstari unamjibu "wapi?" na "umbali gani?" Mtoto anahitaji yote mawili, na hilo la pili ndilo litakalombeba kwenye sehemu na desimali, ambako vidole havifiki.

Angalia jambo lingine dogo. Barabara ya sifuri hatuna, lakini mstari wa namba unaanzia sifuri. Watoto wengi wakipewa rula wanaanza kupima kwenye 1, kwa sababu kuhesabu kunaanza na moja. Wengine wanaanza kwenye ukingo wa plastiki, kabla ya alama ya 0. Mwekee kidole chake juu ya sifuri yenyewe.

Kutoa sitakueleza sana, ni mwendo wa kurudi. Ila kuna njia ya pili ambayo mwenye duka lako anaitumia kila siku. Umempa noti ya 10,000, vitu ni 7,400. Hakopi namba ya jirani wala hashiki kalamu. Anaanzia 7,400 na kupanda: mia, zimekuwa 7,500, mia tano, zimekuwa 8,000, elfu mbili, zimekuwa 10,000. Chenji yako 2,600. Huo ni mstari wa namba usio na alama zozote isipokuwa zile unazozihitaji. Shule za Uholanzi zinaufundisha hivyohivyo, mstari mtupu, mtoto anaweka vituo mwenyewe. Mangi wa mtaani alikuwa nao siku zote.

Mwalimu, binti yangu wa darasa la tatu aliambiwa agawe mstari kutoka 0 hadi 1 katika sehemu nne. Akachora vimstari vinne katikati, akaviandika 1/4, 2/4, 3/4, 4/4, halafu mwisho wa mstari akaandika 1. Amekosa yote na mimi nilimsaidia! Tumekosea wapi? (Baba, Pongwe)

Usijilaumu, baba. Nikusimulie langu. Nilipostaafu nilitaka kuzungushia ua upande mmoja wa shamba dogo nililonalo hukohuko njia ya kwenu. Mita 20, nguzo moja kila baada ya mita 2. Ishirini gawanya kwa mbili, kumi. Nikanunua nguzo kumi, nikakodi guta, nikaweka kijana wa kuchimba. Tunafika mwisho, mita mbili za mwisho hazina cha kushika waya. Mimi, mwalimu wa Hisabati, nikapanda bodaboda kwenda kufuata nguzo moja, na nauli ilizidi bei ya nguzo. Kijana wa kuchimba hakusema kitu. Alikaa juu ya kichuguu akala chungwa.

Nafasi kumi zinataka nguzo kumi na moja, kwa sababu ya ile ya mwanzo. Sasa geuza. Binti yako ana nguzo mbili tayari, 0 na 1. Akitaka nafasi nne, katikati anahitaji nguzo tatu tu. Yeye kaweka nne, kapata nafasi tano. Ni tobo lilelile la yule mtoto wa Makorora: anahesabu alama na kuziacha nafasi.

Na yeye mwenyewe ameacha ushahidi karatasini. Ameandika 4/4 mahali pamoja na 1 mahali pengine. Muulize: robo nne za mkate ni mkate mzima au si mzima? Atakwambia mzima. Basi inakuwaje 4/4 na 1 ni mtu mmoja na ana nyumba mbili? Mwache akae na swali hilo dakika mbili bila kumsaidia. Kisha mpe kipande cha karatasi kirefu, akikunje katikati, akikunje tena, akikunjue. Mikunjo itakuwa mitatu, sehemu nne.

Mwalimu, shikamoo. Nafundisha darasa la nne, Muheza. Nusu ya darasa langu wakijumlisha 1/2 na 1/3 wanapata 2/5, juu kwa juu, chini kwa chini. Nimewachorea chapati mpaka mkono umechoka. Ubaoni wanakubali, kwenye daftari wanarudi kulekule. KDS (kigawe kidogo cha shirika) wanaikariri bila kujua inatoka wapi. Nifanyeje? (Mwalimu wa mwaka wa pili kazini)

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali lako ndilo lililonifanya niombe kurasa zaidi mwezi huu.

Chapati ni nzuri kwa siku ya kwanza. Siku ya pili iliwe. Ubaya wake ni kwamba inamfunza mtoto kuwa sehemu ni kipande cha chakula. Nusu ya chapati kubwa na nusu ya chapati ndogo, zote nusu. Kipande hakina mahali. Unaweza kukiweka kushoto au kulia kwa sahani. Kwa hiyo mtoto akiona 1/2 anaona namba mbili zilizopandiana, 1 na 2, na haoni kwamba kwa pamoja ni namba moja tu. Nusu ni namba kama 7 ilivyo namba. Inakaa mahali pake kati ya 0 na 1, haihami, na kila namba nyingine ama iko nyuma yake ama iko mbele yake. Mpaka waone hilo, KDS ni uganga tu.

Nakupa somo nililolitumia miaka mingi. Uko Muheza, katani haiwezi kukushinda. Tafuta kamba nyembamba ya katani, piga fundo mwanzo na fundo mwisho, kati ya mafundo pawe na sentimeta 60 kamili. Igongelee kwa misumari miwili chini ya ubao, ikiwa imekaza. Fundo la kushoto ni 0, la kulia ni 1. Kata kamba nyingine mbili za urefu uleule, hizo ni za kukunja.

Mwite mtoto akunje moja katikati. Ailete kwenye kamba ya ubaoni, atie alama: sentimeta 30. Hapo ndipo nyumbani kwa 1/2. Mwite mwingine akunje ya pili mara tatu. Hii inataka utulivu, kamba iende, irudi, iende tena, kama herufi S iliyolala, mpaka vipande vitatu vilingane. Alama: sentimeta 20. Nyumbani kwa 1/3.

Sasa uliza nani anasema 1/2 + 1/3 ni 2/5. Mikono itanyanyuka. Usiseme wamekosea! Hapa walimu wengi tunaharibu, tunawahi. Waambie, haya, tuitafute 2/5 inakaa wapi. Sitini kwa tano, kila hatua sentimeta 12. Hatua mbili, 24. Weka alama ya chaki nyekundu kwenye 24.

Kisha rudi nyuma uache kamba iseme. Tulisimama kwenye nusu, sentimeta 30. Tukaongeza theluthi, tukaenda mbele. Tumefika wapi? 24. Tumekwenda mbele tukajikuta nyuma ya tulipoanzia. Mwaka mmoja kijana wa nyuma darasani kwangu alisema, "Mwalimu, hiyo safari ya kaa." Darasa likavunjika mbavu, na sijui kama kuna mtoto wa darasa lile aliyeandika 2/5 tena, maana wenzake wangemwita kaa.

Baada ya kicheko ndipo uwaonyeshe safari ya kweli. Kutoka 30 ongeza kamba ya theluthi, 20. Tumetua 50. Hapo panaitwaje? Jaribu hatua za nusu: 30, 60. Zimeparuka. Jaribu hatua za theluthi: 20, 40, 60. Nazo zimeparuka. Pale 50 hapana jina katika lugha ya nusu wala ya theluthi. Inatakiwa hatua fupi zaidi, ambayo itatua kwenye 30 na pia itatua kwenye 20. Waache waitafute wenyewe. Watajaribu 15, itakwama. Watajaribu 5, itafanya kazi, na huyo mpongeze. Mwingine atasema 10, ndiyo ndefu kuliko zote zinazotua kote. Kumi inaingia mara sita kwenye 60, kwa hiyo kila hatua ni 1/6. Nusu ni hatua tatu, theluthi ni hatua mbili, jumla tano: 5/6. Sasa andika ubaoni KDS ya 2 na 3, uone nyuso zao. Ile sita waliyokuwa wanaikariri wameigusa.

Na yule aliyesema 5? Kwake jibu ni 10/12. Ni mahali palepale, sentimeta 50. Usimfute. Hapo somo la sehemu zilizo sawa limejileta lenyewe bila kualikwa.

Watakuuliza kwa nini 60. Kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30 bila kubaki kitu. Wababiloni wa kale walihesabu kwa sitini, na ndiyo maana saa yako ina dakika 60 mpaka leo. Kwa hiyo mtoto asiye na kamba anayo saa: nusu saa dakika 30, theluthi ya saa dakika 20, jumla dakika 50. Na sisi Waswahili tukisema "saa tatu kasorobo" tumefanya tayari hesabu ya 3 kutoa 1/4 kwenye mstari, kwa neno moja, bila KDS.

Lakini nikutahadharishe kuhusu mtoto mjanja. Mimi niliwahi kumpata. Alisema: "Mwalimu, jana nilipiga penalti mbili nikafunga moja, leo nimepiga tatu nikafunga moja. Jumla nimefunga 2 kati ya 5." Na ni kweli! Usimzime. Mwambie amehesabu penalti, na penalti za jana na za leo hazina urefu mmoja wa kamba: moja kati ya mbili ni nusu ya mbili, moja kati ya tatu ni theluthi ya tatu. Sisi tunajumlisha nusu na theluthi ya kamba ileile. Mtoto huyo ameuliza swali ambalo walimu wengi hawajajiuliza, mpe chaki aje aeleze mbele.

Ukimaliza hapo, endeleza kamba kulia kupita fundo la 1. Robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne (hiyo ndiyo moja), robo tano. Kwa chapati, 5/4 ni kituko, utaila vipi robo ya tano ya chapati moja? Kwenye mstari unaendelea tu kutembea, na sehemu guni, yaani ile ambayo namba ya juu ni kubwa kuliko ya chini, inakuwa kituo kama kituo kingine, nyumba ya moja na robo.

Kugawanya kwa sehemu nakupa kwa haraka. 3 ÷ 1/2 ni swali la hatua ngapi za nusu zinafika 3. Sita. Watashangaa kugawanya kunaongeza. Waulize bibi zao: pishi moja ni vibaba vinne, kisaga ni vibaba viwili, yaani nusu pishi. Mchele pishi tatu ukiupima kwa kisaga, utachota mara ngapi? Bibi atajibu sita kabla mjukuu hajafungua daftari.

Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka 71. Mjukuu wangu ananiambia 2 kutoa 5 ni hasi 3. Zama zetu tuliambiwa "haitoki, kopa kwa jirani". Nani anamdanganya mwenzake? (Babu, Chumbageni)

Shikamoo mzee wangu. Hakuna anayemdanganya mwenzake. Mwalimu wako alikupa mstari unaoanzia sifuri na kwenda kulia peke yake, kwa hiyo ukirudi tano kutoka mbili unagonga ukuta. Mjukuu amepewa mstari wenye pande mbili.

Na mstari huo unao siku nyingi, mzee. Leo ni sifuri. Kesho moja, keshokutwa mbili, mtondo tatu, mtondogoo nne. Upande wa nyuma: jana ni hasi 1, juzi ni hasi 2. Sasa simama keshokutwa, kwenye 2, urudi siku tano. Hatua ya kwanza unatua kesho, ya pili leo, ya tatu jana, ya nne juzi, ya tano siku moja kabla ya juzi. Umefika hasi 3. (Unaona hatukuanza kwa kuhesabu keshokutwa yenyewe. Mama wa Makorora, umenisikia?) Inanifurahisha kwamba lugha yetu ina majina mengi mbele kuliko nyuma. Tukishapita juzi tunasema "majuzi" na kuacha hesabu ipotelee humo.

Mwingereza John Wallis, mwaka 1685, aliweka jambo hilihili kwa mfano wa mtu anayetembea: akaenda mbele yadi 5, kisha akarudi yadi 8. Yuko wapi? Yuko yadi 3 nyuma ya pale alipoanzia, na mahali hapo ni pa kweli kama pale mbele. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, mwaka 628, Brahmagupta wa India aliziandikia kanuni namba hizi akiziita mali na deni. Wewe una shilingi 2,000 na dukani unadaiwa 5,000. Ukilipa yote uliyonayo unabaki na hasi 3,000, na mwenye duka hatakwambia "haiwezekani".

Mjaribu mjukuu kwa swali hili: kati ya hasi 8 na hasi 3, ipi ndogo? Wengi wanasema hasi 3, kwa kuwa 3 ni ndogo kuliko 8. Muulize nani ana hali mbaya zaidi, anayedaiwa elfu nane au elfu tatu. Kwenye mstari, iliyo kushoto zaidi ndiyo ndogo, pande zote mbili.

Mwalimu, mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Kijana anayejifunza kwangu anasema 0.25 ya mita ni kubwa kuliko 0.3, kwa sababu 25 ni kubwa kuliko 3. Nimemcheka, lakini nikashindwa kumweleza. (Fundi)

Fundi, jibu liko shingoni mwako. Vua futi kamba uitandaze mezani upande wa sentimeta, kijana aweke kidole kwenye 0.25 ya mita, yaani 25, na kingine kwenye 0.3, yaani 30. Ile 3 ni hatua tatu za sentimeta kumikumi. Ile 25 ni hatua mbili za kumikumi na vihatua vitano vya sentimeta moja. Anayesoma desimali kama namba nzima anasahau kuangalia urefu wa hatua. Umcheke kidogo tu, maana wewe mwenyewe, kama mafundi wote, futi kamba ikikatika kichwa unapima kuanzia 10 na kutoa 10 mwishoni. Umehamisha sifuri, na suti imekaa sawasawa.

Msomaji wa Raskazone anauliza kama ile kamba ya katani naiuza. Siuzi, kata yako. Ila usiiache barazani mvua ikinyesha: katani ikilowa inajikaza, urefu unapungua, na hapo theluthi yako ya jana si theluthi tena. Ipime upya kabla ya kipindi.